MKUKU NA MAUNGIO YAKE: MAMBO YA KUKAGUA KABLA YA KUNUNUA CHOMBO CHA TANGA KILICHOTUMIKA

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Usemi huo hutajwa mara nyingi katika kuisifu kazi ya fundi, lakini ndani yake limo onyo kwa mnunuzi pia: kilichoundwa huweza kulegea, na pale palipolegea aghalabu hapaonekani chombo kikiwa majini. Miongoni mwa watumishi wanaokaribia kustaafu, na miongoni mwa wananchi waliojiunga katika vikundi vya ushirika, wapo wanaokusudia kutia akiba zao katika chombo cha tanga kilichokwisha kutumika, ama kwa uvuvi, ama kwa kuchukulia mizigo. Makala haya yanaeleza sehemu moja tu ya chombo, nayo ni mkuku pamoja na maungio yake. Kasoro ya mahali hapo ni ghali mno kuitengeneza, ni rahisi mno kuificha, na inaweza kuchukua roho za watu kabla haijamaliza fedha za mwenye chombo.

Mfano uliochaguliwa ni wa Wilaya ya Chato, katika Ziwa Victoria. Wapo wakaazi wa Visiwani wenye jamaa na biashara katika Kanda ya Ziwa. Zaidi ya hayo, mbao ni mbao na msumari ni msumari, kuwe ni baharini au ziwani. Na tofauti iliyopo baina ya maji ya chumvi na maji baridi humfundisha mnunuzi wa pande zote mbili mahali pa kutazama.

CHATO NA VYOMBO VYAKE

Chato iko katika ufukwe wa kusini-magharibi wa Ziwa Victoria. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, na tangu mwaka 2012 wilaya ya Chato imo katika Mkoa wa Geita. Katika maji yaliyo jirani kipo Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, na katika ufukwe wake ziko bandari ya Nyamirembe na mialo ya wavuvi kama ule wa Kasenda, Muganza. Dhahabu ndiyo iliyolitangaza jina la Geita, lakini kwa kaya nyingi za ufukweni riziki yao ni sangara, sato na dagaa, na ufunguo wa riziki hiyo ni chombo.

Chombo cha kawaida huko ni mtumbwi wa mbao wa namna ya Sese, uliopewa jina la visiwa vya Sese vilivyo upande wa Uganda. Hapo zamani mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za miti. Siku hizi hupigiliwa misumari. Ipo mitumbwi yenye ncha pande zote mbili, na ipo iliyokatwa bapa tezini ili ifungiwe mashine. Huendeshwa kwa makasia, kwa tanga au kwa mashine, na mingine kwa zaidi ya njia moja. Mtumbwi huo haufanani na mashua ya Nungwi wala jahazi la Pemba kwa umbo. Hata hivyo, vyote vina jambo moja la kushirikiana, kwamba mwili mzima umejengwa juu ya mti mmoja wa chini, yaani mkuku.

MKUKU UNASHIKWA NA NINI

Mkuku, ambao baadhi ya mafundi huuita utako, ni gogo refu lililochongwa na kulazwa kutoka omo hadi tezi. Kwa upande wa tezi huungana na fashini, na kwa upande wa omo huungana na mti unaopasua maji. Juu ya mkuku hukaa mataruma, ambayo ni mfano wa mbavu za mwanadamu zilizoota kutoka katika uti wa mgongo. Pembeni mwake, kulia na kushoto, hupigiliwa ubao wa kwanza wa kila ubavu, na juu ya ubao huo mbao nyingine hufuatana hadi ukingoni.

Kwa hiyo yapo maungio ya aina tatu yanayompasa mnunuzi kuyajua: mkuku na mataruma, mkuku na ubao wa kwanza, na mkuku na miti ya ncha zake mbili. Maungio hayo hushikwa na misumari au bolti, na mianya yake huzibwa kwa kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta. Ikumbukwe kwamba kalafati huzuia maji tu, haishiki mti. Chombo ambacho mbao zake zimeachana na mkuku kinaweza kuzibwa kwa pamba mpya na kikaelea vizuri kwa siku chache, huku kikiwa kimeshikwa na misumari iliyokwisha kuliwa na kutu.

SABABU ZA KULEGEA

Sababu ya kwanza ni tanga lenyewe. Upepo unapolijaza tanga, mlingoti huukandamiza mkuku kwenda chini, na kamba zinazoushikilia mlingoti huvuta ubavu wa chombo kwenda juu. Wakati huo huo maji huusukuma mkuku kutoka upande, kwa kuwa ndio unaozuia chombo kisichukuliwe kombo na upepo. Nguvu zote hizo hukutana katika mshono wa mkuku na ubao wa kwanza. Ndiyo maana chombo huweza kuwa kikavu kinapotia nanga, na kikaanza kuvuja mara tu kinapokwenda kwa upepo mkali.

Sababu ya pili ni kuburutwa ufukweni na kupanda mwamba. Kila mara chombo kinapovutwa mchangani kikiwa na shehena, mkuku hubeba uzito kwa sehemu ndogo tu, na sehemu iliyobaki huning'inia. Pigo moja la mwamba chini ya tezi laweza kulegeza maungio ya fashini bila ya kuvunja ubao hata mmoja.

Sababu ya tatu ni kuoza, na hapa ndipo ziwa na bahari hutofautiana. Baharini yupo mdudu anayetoboa mbao za vyombo, na huko ndiko kwenye hasara kubwa ya vyombo visivyopakwa deheni; mdudu huyo haishi katika maji baridi ya ziwa. Kwa upande mwingine, maji ya chumvi huchelewesha ukungu unaoozesha miti, ambapo maji ya mvua na ya ziwa hayana kinga hiyo. Tena mti uliozama daima hauozi upesi. Unaooza upesi ni ule unaolowa na kukauka kwa zamu, penye hewa. Hivyo katika mtumbwi wa Chato uozo hautazamiwi kuanza chini ya mkuku, bali juu yake, ndani ya ngama, chini ya mataruma, mahali ambapo maji ya mvua hutuama wakati chombo kimepumzishwa ufukweni.

Sababu ya nne ni kutu. Msumari wa chuma kitupu ndani ya mti wenye unyevu huharibika, na kutu yake nayo huuharibu mti unaouzunguka, hata mti ukawa mweusi na laini. Jambo hili hutokea upesi zaidi baharini, lakini ziwani pia lipo, hususan pale misumari isiyo na zinki ilipotumika ili kupunguza gharama.

HATUA ZA UKAGUZI NCHI KAVU

Sharti la kwanza ni chombo kutolewa majini. Muuzaji anayesema kwamba chombo kina safari kesho, au kwamba hakuna watu wa kukivuta, huenda anasema kweli. Lakini ukweli huo haumlazimu mtu kununua asichokiona. Gharama ya kuwalipa watu wa kukivuta ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya chombo, na ni busara mnunuzi akaibeba mwenyewe.

Chombo kikishawekwa juu ya magogo, mnunuzi afuatane na fundi asiyekuwa na maslahi katika mauzo hayo, na ukaguzi uende kwa utaratibu ufuatao:

(a) Kupima mkuku kwa uzi. Uzi wa fundi ukazwe chini ya mkuku kutoka ncha hadi ncha. Baadhi ya vyombo huchongwa na mpindo wa asili, lakini mpindo huo huwa laini na ulio sawasawa. Ikiwa katikati pameinuka na ncha zimelala, au pana kigongo cha ghafla, mgongo wa chombo umevunjika au maungio yamehama.

(b) Kuondoa kila kilicho ndani ya ngama. Sakafu, mawe ya uzito, nyavu na matope vitolewe, kisha ngama ioshwe na kukaushwa. Likionekana zege lililomwagwa juu ya mkuku, mnunuzi ajue kuwa hapo pana kitu kilichozibwa asichoweza kukiona. Zege hushikilia maji chini yake, na mti ulio chini ya zege huendelea kuoza pasipo mtu kujua.

(c) Kugonga kwa nyundo ya mti. Mti mzima hutoa sauti kavu iliyo wazi. Mti uliooza hutoa sauti nzito ya kufifia. Fundi agonge mkuku wote kwa ndani, baina ya kila taruma na taruma, na asikilize mahali sauti inapobadilika.

(d) Kuchoma kwa ncha ya kisu. Pale sauti ilipobadilika, ncha ya kisu isukumwe kwa mkono tu. Ikizama kwa urahisi, au mti ukitoka vipande vipande vilivyokatika mraba, pamekwisha kuoza. Mahali pa kuangaliwa zaidi ni chini ya kila taruma, kwenye kitako cha mlingoti, na kwenye maungio ya fashini.

(e) Kutazama vichwa vya misumari. Doa jeusi kuzunguka msumari, mchirizi wa kutu, au kichwa kinachozunguka kikiguswa ni dalili kwamba msumari haushiki tena. Inafaa kumwomba muuzaji ruhusa ya kung'oa misumari miwili au mitatu katika mshono wa mkuku. Ukitoka ukiwa mwembamba katikati kama kiuno cha nyigu, na mingine ndivyo ilivyo.

(f) Kufuatilia viraka. Kipande cha bati kilichopigiliwa juu ya mshono, rangi mpya katika sehemu moja tu, au lami iliyopakwa juzi si kosa kwa yenyewe, maana kila chombo hutengenezwa. Lakini kila kiraka kina sababu yake, na muuzaji aulizwe sababu hiyo. Viraka vingi vikifuatana katika mstari wa mkuku, kasoro si ya mahali pamoja.

(g) Kutikisa. Watu wawili washike fashini na kuisukuma kulia na kushoto, na mtu mwingine aweke kidole juu ya mshono. Maungio yaliyo hai hayachezi hata kidogo.

MAJARIBIO MAJINI

Baada ya ukaguzi wa nchi kavu hufuata majaribio majini. Mnunuzi asifadhaike kwa uvujaji wa mwanzo. Chombo kilichokaa juani mbao zake husinyaa, na kikishushwa huvuja siku ya kwanza au ya pili, kisha mbao hufura na mianya ikajifunga. Linalotakiwa kujulikana ni kama uvujaji unapungua. Maji yatekwe kwa ndoo moja ile ile, na idadi ya ndoo iandikwe asubuhi na jioni. Idadi ikishuka, ni mbao zinazofura. Ikibaki pale pale au ikipanda, ni maungio.

Kisha chombo kipakiwe mifuko ya mchanga kwa uzito wa shehena ya kawaida na kiende kwa tanga karibu na ufukwe, kwanza upepo ukiwa kulia, kisha ukiwa kushoto. Mtu mmoja akae ngamani akitazama mshono wa mkuku. Maji yakichuruzika upande mmoja tu wakati tanga limejaa, na kukoma tanga linapolegezwa, mshono unafunguka kwa nguvu ya mlingoti. Majaribio haya yafanywe mchana, katika hali njema ya hewa, na kila aliyemo avae jaketi la kuokolea maisha. Kosa kubwa ni kuyafanya kwa mara ya kwanza katika safari ya kupeleka chombo nyumbani.

FUNZO KUTOKA BAHARI YA ATLANTIKI

Mtu anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya vyombo vya mbao peke yake. Sivyo. Mashua za kisasa za matembezi, ziitwazo yoti, ambazo hutembelea pia bandari za Afrika Mashariki, nyingi zina mwili wa faiba, na mkuku wake ni pande zito la chuma au risasi lililoning'inizwa chini ya mwili kwa bolti. Bolti hizo zikikatika, yoti hupinduka kwa muda mfupi sana, kwa kuwa uzito uliokuwa ukiisimamisha umeondoka.

Mwezi Mei 2014 yoti ya Kiingereza iliyobeba katika jina lake neno la Kiswahili, Cheeki Rafiki, ilikuwa ikirejea Uingereza kutoka mashindano ya Antigua. Katikati ya Atlantiki mabaharia wake wanne waliripoti kwamba maji yanaingia. Yoti ilionekana baadaye imepinduka, mkuku haupo, na mabaharia wote wanne walipotea. Taasisi ya Uingereza ya kuchunguza ajali za baharini, katika ripoti yake ya mwaka 2015, ilieleza kuwa huenda matukio ya huko nyuma ya yoti hiyo kugusa ardhi, pamoja na matengenezo yaliyofuata, yalidhoofisha sehemu iliyounganisha mkuku na mwili. Nyufa za ndani za sehemu kama hiyo zinaweza kuwapo bila ya kuonekana kwa urahisi.

Anayenunua yoti iliyotumika, basi, atazame kama pana ufa mwembamba kuzunguka mahali mkuku unapokutana na mwili. Kama kutu inachuruzika hapo. Kama mwanya unafunguka yoti inaponyanyuliwa na mkuku kuning'inia. Na kama nati za bolti ndani ya ngama zina kutu au zimekaa ndani ya maji. Chuma kisichoshika kutu nacho huliwa kikikaa katika unyevu usio na hewa, kwa hiyo kung'aa kwa nati si ushahidi wa uzima wa bolti iliyo chini yake. Swali kubwa la kumwuliza muuzaji ni lile lile la ufukwe wa Chato: je, chombo hiki kimewahi kupanda mwamba, na nani alikitengeneza?

HATI NA DHAMANA

Kwa upande wa Tanzania Bara, ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kupokea majukumu ya usafiri wa majini yaliyokuwa ya SUMATRA. Kwa upande wa Zanzibar kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA). Mnunuzi aombe kuonyeshwa cheti cha ukaguzi na usajili wa chombo, pamoja na leseni ikiwa chombo ni cha uvuvi, na ahakikishe kuwa jina na namba vinalingana na vilivyoandikwa ubavuni. Aidha, viongozi wa mwalo na wavuvi wakongwe ni maktaba isiyoandikwa. Chombo kilichopanda mwamba hakisahauliki upesi na majirani zake.

Hata hivyo, cheti hueleza hali ya chombo siku kilipokaguliwa. Hakichukui nafasi ya macho ya mnunuzi siku ya kununua. Hati ya mauziano iandikwe mbele ya mashahidi, na itaje waziwazi matengenezo yote ya mkuku ambayo muuzaji anayajua. Malipo ya awali yakilazimika kutolewa, iandikwe kwamba yatarudishwa iwapo ukaguzi utaonyesha kasoro katika maungio. Kuficha aibu ya bidhaa ni dhulma katika kila soko. Katika soko la vyombo ni hatari kwa uhai.

UAMUZI WA MWISHO

Kasoro si lazima ivunje biashara. Kalafati iliyochakaa na misumari michache iliyolegea ni matengenezo ya kawaida, na gharama yake yafaa kupunguzwa katika bei. Taruma moja au mawili yaliyooza yanahitaji fundi mzuri na bei ya chini zaidi. Lakini mkuku uliooza, uliovunjika au ulioachana na fashini ni jambo jingine. Kuubadilisha kunalazimu kung'oa mbao zilizopakana nao na kuyalegeza mataruma, na kazi hiyo huenda ikakaribia gharama ya kuunda chombo kipya. Hapo ni vyema mnunuzi aondoke na fedha zake.

Ikumbukwe pia kuwa mkuku mzima hauhalalishi kupakia kupita kiasi. Misiba ya MV Spice Islander I ya tarehe 10 Septemba 2011 baina ya Unguja na Pemba, na ya MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Kisiwa cha Ukara, iliyochukua zaidi ya watu 200, haikutokana na mkuku. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaa watu kuliko vilivyostahiki. Mwenye chombo ana amana mbili: uzima wa chombo chake, na kiasi cha anachokitwisha.

Wananchi na watumishi wanaokusudia kununua vyombo vya tanga vilivyotumika wanakumbushwa kwamba fedha zisitolewe kabla chombo hakijatolewa majini, ngama haijakauka na mkuku haujagongwa kutoka omo hadi tezi. Kazi hiyo haizidi siku mbili au tatu. Abiria na wavuvi watakaopanda chombo hicho kwa miaka ijayo hawataiona mishono iliyo chini ya miguu yao. Wataitegemea tu, na mtu wa kuwatazamia ni yule anayenunua.